Msingi Uliotitia na Jinsi ya Kuutengeneza

Nyumba ya matofali ya kuchoma si kitu kidogo kwa mtu wa Ufipa. Mwenyewe amefyatua matofali kwa mikono yake wakati wa kiangazi, amepanga tanuri, ametafuta kuni katika nchi ambayo miti si mingi, amekesha akiulinda moto, kisha amemlipa fundi mwashi na kununua mabati kwa fedha ya mahindi ya miaka kadhaa. Basi masika mbili zikiisha kupita, huona ufa mwembamba kama uzi umeanza katika pembe ya dirisha. Mwaka wa pili ufa huo hupitisha ukucha, na mwaka wa tatu hupitisha kidole. Hapo mwenye nyumba huingiwa na hofu, maana watoto wake hulala chini ya ukuta ule ule.

Habari hii yaandikwa kwa ajili ya watu wa Milanzi na kata nyingine za Sumbawanga, na wote wakaao katika uwanda wa juu wa Ufipa. Wazee wa mitaa na vijiji wapate kuwaonya watu wao, walimu wapate kuifundisha shuleni, na kila ajuaye kusoma amsomee jirani yake asiyejua. Jina la Milanzi latajwa katika masimulizi ya Wafipa kuwa makao ya watawala wa kwanza wa nchi; yafaa nyumba za hapo nazo zikae imara.

Wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Maneno hayo ni ya kweli, lakini wengi huyafahamu nusu. Mtu huona ufa, huchukua mwiko na saruji kidogo, huuziba, hupaka chokaa, na kusema, "Nimeuponya." Mvua zikirudi ufa hufunguka tena mahali pale pale, au kando yake. Sababu ni kwamba ufa wenyewe si ugonjwa, bali ni dalili ya ugonjwa. Ukuta hausemi, lakini ufa ni ulimi wake, nao hutuambia kwamba chini ya ardhi msingi umekosa mahali pa kukanyaga. Mwenye akili huuliza kwanza, "Msingi wangu una nini?", ndipo baadaye huziba.

UFA SI UCHAWI

Jina la Sumbawanga hufasiriwa kuwa maana yake ni "tupa uchawi". Basi na tuutupe katika jambo hili pia. Nyumba ya mtu mmoja ikipasuka na ya jirani yake isipasuke, huzuka maneno ya chini chini, watu wakatazamana kwa jicho baya. Walakini ukichimba kando ya msingi wa nyumba hizo mbili utaiona tofauti kwa macho yako. Mmoja amejenga juu ya udongo mgumu, mwingine juu ya shimo la kale lililofukiwa. Mmoja ana mtaro, mwingine maji ya paa lake hutuama chini ya ukuta. Kabla ya kumshuku mwanadamu, shika jembe uchimbe.

SABABU ZA MSINGI KUTITIA

Sababu ya kwanza, na iliyo kubwa kuliko zote, ni maji. Yafaa walimu wawafanyishe watoto hesabu hii. Mvua ya milimeta 1 ikinyesha juu ya meta mraba 1 ni lita 1 ya maji. Chukua nyumba ambayo paa lake ni meta 8 kwa meta 6, yaani meta mraba 48. Mvua ya milimeta 30 ikinyesha alasiri moja, paa hilo litamwaga lita 1,440, ambazo ni ndoo 72 za lita 20. Kama paa ni la pande mbili, basi ndoo 36 zamwagika kando ya kila ukuta mrefu kwa siku moja. Nani angekubali jirani aje na ndoo 36 na kuzimimina chini ya ukuta wake? Hata hivyo ndivyo tufanyavyo sisi wenyewe tusipoweka mfereji wala mtaro, nazo mvua za Ufipa huanza Novemba na kuendelea hata Aprili. Udongo ulioloa hulainika kama ugali wa maji, ukuta ukazama ndani yake. Tena maji yakipata mkondo huchukua chembe za udongo, na baada ya miaka msingi hubaki hewani.

Sababu ya pili ni kujenga juu ya shamba la zamani. Wafipa ni watu mashuhuri kwa kilimo cha matuta ya duara, ambamo majani hufukiwa yapate kuoza na kuwa mbolea. Kilimo hicho ni chema sana kwa mazao, lakini udongo wake ni mwepesi na umejaa vitu vilivyooza. Umpendezao mlezi wa mbegu haumfai mjenzi. Anayejenga juu ya shamba la namna hiyo hana budi kuuvuka udongo mweusi wote mpaka afike penye udongo mgumu ambao jembe halikuugusa.

Sababu ya tatu ni kujenga mlimani. Mtu husawazisha kiwanja kwa kukata upande wa juu na kuutupa udongo upande wa chini. Nusu ya nyumba hukaa juu ya ardhi iliyokatwa, nayo ni ngumu, na nusu juu ya udongo uliomwagwa, nao ni mwepesi. Nusu moja hutulia na nyingine hushuka, ndipo nyumba hupasuka katikati.

Sababu ya nne ni mashimo ya kale, kama mashimo ya kuchimbia udongo wa matofali, vyoo vilivyofukiwa na vichuguu. Wazee wetu waliupenda udongo wa kichuguu, wakajengea matanuri marefu ya kuyeyushia chuma, yaliyopita kimo cha mtu. Lakini waliuchimba na kuuponda kwanza. Kichuguu chenyewe ndani yake kina vyumba na njia tupu, nacho si mahali pa kuweka nyumba.

Sababu ya tano ni udongo wa mfinyanzi wa mabondeni, ambao huvimba ukinyweshwa na kunywea ukikauka. Kiangazi hufanya nyufa ardhini, na masika hufumba. Nyumba iliyo juu yake huinuliwa na kushushwa kila mwaka. Mikaratusi iliyopandwa karibu huzidisha taabu hiyo, maana mizizi yake hunywa maji mengi chini ya msingi. Kadiri ya kimo cha mti, ndiyo kadiri ya umbali wake na nyumba.

Sababu ya sita ni kuongeza chumba. Nyumba ya kale imekwisha kutulia. Chumba kipya bado. Vikifungamanishwa kwa nguvu, kipya huuvuta ukuta wa kale, na ufa wa wima hutokea penye kiungo.

Sababu ya saba ni tetemeko la nchi. Tarehe 13 Desemba 1910 nchi ya Rukwa ilitikiswa na tetemeko ambalo ukubwa wake ulipita 7, moja ya matetemeko makubwa kabisa yaliyopata kupimwa katika Afrika ya Mashariki. Wataalamu wa miamba wameuchunguza mpasuko wa Kanda, upitao katika uwanda huu wa Ufipa. Tarehe 5 Desemba 2005 lilitokea tetemeko lingine kubwa katika Ziwa Tanganyika, la ukubwa wa 6.8. Na tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 huko Kagera liliua watu na kuharibu nyumba kwa maelfu. Nyumba ambayo msingi wake umekwisha kudhoofishwa na maji ni kama mgonjwa. Tetemeko dogo, ambalo nyumba nzima ingelivumilia, laweza kuiangusha.

KUUSOMA UFA

Nyufa si za namna moja. Ufa wa lipu peke yake, mwembamba kama unywele, uliotapakaa kama utando wa buibui, hauna neno. Ni lipu iliyokauka upesi. Toa kipande kidogo cha lipu uangalie tofali lililo chini yake. Kama tofali ni zima, ziba upake chokaa. Kama ufa umeingia katika matofali yenyewe au katika viungo vyake, endelea kusoma.

Ufa upandao kwa ngazi kutoka tofali hata tofali, ukielekea pembe ya nyumba, huonyesha kwamba sehemu moja imeshuka. Tazama ni wapi ulipo mpana zaidi. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, basi pembe ya nyumba inazama na kuanguka nje. Ukiwa mpana chini na mwembamba juu, basi sehemu ya katikati ndiyo inayozama, na pembe zimebaki mahali pake. Ufa wa wima wenye upana mmoja juu na chini, penye kiungo cha chumba kipya, huonyesha kwamba vyumba viwili vinaachana. Ufa wa kulala katika ukuta, hasa ukuta ukiwa umefura, ni wa hatari, maana ukuta unasukumwa.

Dalili nyingine zipo. Mlango uliofunguka vema zamani sasa huburura chini. Dirisha halifungi. Sakafu imeachana na ukuta. Weka gololi sakafuni uone inakokimbilia. Teremsha timazi kutoka juu ya ukuta uone kama umeinama.

KUUPIMA UFA

Usianze kazi hata ujue kama ufa bado unakua au umekwisha kutulia. Ufa uliotulia ni kovu. Ufa unaokua ni kidonda. Njia ya kuujua ni rahisi. Pigilia misumari miwili midogo, mmoja upande huu wa ufa na mmoja upande wa pili, ukapime umbali baina yake kwa rula, na kuuandika ukutani pamoja na tarehe. Tena chora mstari kwa kalamu penye ncha ya ufa, uandike tarehe. Pima kila mwezi, tangu kabla ya mvua hata baada ya mvua. Mwaka mmoja wa kupima hivyo ni bora kuliko maneno ya mafundi kumi.

Upana wa ufa nao una maana yake. Usiopita milimeta 1 ni mdogo sana. Usiopita milimeta 5 waweza kuzibwa ikiwa haukui. Wa milimeta 5 hata 15 wadai kazi ya msingi na ya ukuta. Uliopita milimeta 15 ni mbaya, na uliopita milimeta 25 ni wa hatari: watu wasilale katika chumba hicho mpaka fundi ajuaye kazi ameuona.

KAZI YA KWANZA: KUYAONDOA MAJI

Hata kama msingi umetitia, usichimbe kwanza. Ondoa maji, kisha ungoje masika moja na kupima. Nyumba nyingi hupona kwa dawa hii peke yake, nayo gharama yake ni jasho tu.

Ardhi inayozunguka nyumba na iinamishwe kwenda nje, sentimeta 5 kwa kila meta 1, kwa upana wa meta 2. Udongo unaotiwa hapo ushindiliwe kwa tabaka za sentimeta 15, usimwagwe tu. Mwisho wa mteremko huo chimba mtaro usio wa kina kirefu, utandikwe mawe, uyachukue maji mpaka mbali na nyumba yako, wala usiyaelekeze katika nyumba ya jirani. Mtaro usichimbwe karibu kabisa na ukuta, maana wako watu waliotaka kuuponya msingi wakaufukua. Anayeweza na aweke mifereji ya mabati penye upenu na pipa la kukingia maji. Hivyo adui wa msingi huwa mtumishi wa jikoni.

Maji ya kuogea na ya kuoshea vyombo yasimwagwe nyuma ya nyumba, kama ilivyo desturi ya wengi. Mara nyingi pembe inayozama ndiyo ile iliyo karibu na bafu. Tena usiache fungo la majani au kichanja cha mbuzi kukaa mahali ambapo huzuia maji kupita.

KAZI YA PILI: KUTIA MSINGI MPYA CHINI YA ULE WA KALE

Maji yakiisha kuondolewa, na vipimo vikaonyesha kwamba pembe bado inazama, hapo ndipo ichimbwe. Kazi hii ni ya fundi, na ya wakati wa kiangazi tu. Watu wote na watoke katika chumba hicho, na paa liegemezwe kwa magogo imara yenye kabari chini yake.

Kanuni kubwa ni hii: usichimbe chini ya ukuta wote kwa mara moja. Chimba kwa mashimo mafupi, lisizidi meta 1 kila shimo, wala usifungue mashimo mawili yaliyo jirani. Ukuta waweza kujibeba juu ya shimo la meta 1, lakini juu ya meta 6 utaanguka juu yako.

Tuseme pembe ya nyuma ya nyumba imezama, nawe wataka kuitengeneza meta 3 upande mmoja na meta 3 upande wa pili. Gawa mashimo 6, uyape namba kwa mfuatano, hivi kwamba la 3 ndilo lililo penye pembe yenyewe. Yachimbwe kwa taratibu hii: la 1, kisha la 4, kisha la 2, kisha la 5, kisha la 3, kisha la 6. Utaona kwamba hakuna mashimo mawili ya jirani yanayofuatana, na ya kuwa pembe, iliyo na mzigo mkubwa, haifunguliwi mpaka la 2 na la 4, majirani zake wa pande zote mbili, wamekwisha kupata nguvu.

Katika kila shimo fanya hivi. Chimba mpaka ufike udongo mgumu chini ya msingi wa kale. Ujaribu kwa mtaimbo: ukiupiga nao ukaingia kwa wepesi, bado, ukigonga na kukataa, umefika. Shimo likipita meta 1.2, kingo zake zizuiwe kwa mbao, mchimbaji asifukiwe. Kama hata hapo udongo ni laini, acha, umwite mhandisi wa halmashauri.

Safisha chini kabisa, pasibaki udongo uliovurugika wala maji. Mimina zege la unene wa sentimeta 20, upana wake uwe mara mbili ya unene wa ukuta. Kipimo cha zege ni saruji sehemu 1, mchanga 3, kokoto 6. Lifunike kwa magunia mabichi na kulinywesha maji kwa siku 3. Siku ya 5 jenga juu yake kwa mawe mazuri au matofali yaliyoiva sana, kwa udongo wa saruji sehemu 1 na mchanga 4, ukiacha meno kila upande ili shimo lijalo liungane nalo. Usijenge mpaka kugusa msingi wa kale. Acha nafasi ya sentimeta 5.

Siku ya 8, jengo likiisha kukauka na kunywea, ijaze nafasi ile. Changanya saruji sehemu 1 na mchanga 3 kwa maji kidogo sana, kiasi kwamba ukifumba mkononi hufanya donge lakini haichuruziki. Uisukume ndani na kuigonga kwa kipande cha ubao na nyundo mpaka isipokee zaidi. Hiyo ndiyo siri ya kazi yote, maana nafasi isiyojazwa vema huufanya ukuta ushuke tena kuifuata. Ngoja siku 3 nyingine, ukafukie shimo kwa kushindilia, ndipo uanze lingine.

Hivyo shimo moja lahitaji siku 11, na mashimo 6 siku 66. Aanzaye tarehe 1 Julai, akiisha kuvuna, atamaliza mapema Septemba, tena hata akichelewa mwezi mzima bado mvua hazijaanza. Aanzaye Oktoba hukutwa na mvua shimo likiwa wazi, na huyo ameichimbia nyumba yake kaburi.

MFANO WA MBALI

Mtu asidhani kwamba kazi hii ni ya nyumba ndogo tu. Huko Uingereza katika mji wa Winchester liko kanisa kubwa la tangu karne ya 11. Mwanzo wa karne ya 20 kuta zake zilionekana zinapasuka na kuinama, kwa maana lilijengwa juu ya udongo laini uliojaa maji. Walichimba mashimo chini ya kuta, lakini maji yalijaa upesi, wala hawakuweza kuyateka yote bila kulibomosha kanisa. Basi akaletwa mzamiaji, jina lake William Walker, akavaa vazi la kuzamia, akashuka ndani ya maji ya giza, akawa akiweka magunia ya zege kwa kupapasa, shimo baada ya shimo. Alifanya kazi hiyo tangu mwaka 1906 hata 1911. Mwaka ule wa 1910, Rukwa ilipotikiswa, yeye alikuwa bado yumo chini ya kuta zile. Kanisa hilo limesimama hata leo. Kanuni aliyoifuata ni ile ile ya mashimo yetu sita, yaani kidogo kidogo, bila haraka, na kila kipande kikipata nguvu kabla ya kingine kuguswa.

KAZI YA TATU: KUUSHONA UKUTA

Msingi ukiisha kutulia, sasa ndio wakati wa methali yetu. Ziba ufa. Lakini usipake saruji juu tu. Toa matofali yaliyovunjika, kwangua viungo, safisha vumbi na kulowesha. Kila baada ya mistari 5 ya matofali, laza katika kiungo nondo nyembamba ya milimeta 6, ipite ufa na kuingia sentimeta 50 kila upande, kisha ujenge upya. Ukuta wa matofali mabichi uzibwe kwa udongo wa namna yake, uliochanganywa na saruji kidogo tu. Saruji kali juu ya udongo haishikani nao, hubanduka kama gamba.

Penye nafasi ya fedha, fungeni nyumba yote kwa linta, yaani mkanda wa zege na nondo uzungukao kuta zote juu ya madirisha bila kukatika. Mkanda huo ni kama pete za chuma katika pipa. Tetemeko likija, kuta zote huvutana badala ya kila moja kuanguka peke yake.

WAKATI WA KUIACHA NYUMBA

Neno hili ni gumu, lakini hatuna budi kulisema. Ziko nyumba zisizofaa kutengenezwa. Ukuta ukiwa umeinama hata timazi imepita robo ya unene wake. Nyufa zikiwa zimepita milimeta 25 na bado zinakua. Mlima wenyewe ukiwa unateremka na nyumba juu yake. Au matofali ya chini yakiwa mabichi na yamemumunyuka kwa maji, fedha itiwayo humo ni bure. Fungueni mabati na mbao kwa uangalifu, mwokoe matofali mazima, mkajenge mahali pengine. Mtu hujenga nyumba mara ya pili, lakini mtoto aliyefukiwa na ukuta harudi.

Na huko mahali papya, kwanza chimba mashimo manne, moja kila pembe, uone udongo ulivyo kabla ya kuleta hata tofali moja. Msingi ushuke mpaka penye ugumu. Ukuta wa chini uinuke sentimeta 30 juu ya ardhi kwa mawe au matofali yaliyoiva. Milango na madirisha yasikaribie pembe. Yaache sentimeta 60 au zaidi.

NENO KWA WAKUU NA WALIMU

Wazee wa mitaa na vijiji wanaweza kuokoa nyumba nyingi bila fedha. Wakataze kuchimba udongo wa matofali karibu na nyumba za watu. Mashimo ya kale yaandikwe mahali yalipo, ili mjukuu asijenge juu ya shimo ambalo babu alilijua. Mitaro ya mtaa isafishwe na wote kabla ya Novemba. Mjane au mzee asiye na nguvu na asaidiwe mtaro wake kwa kazi ya ujirani.

Walimu nao wana darasa tayari, maana shule nyingi zina ukuta wenye ufa. Watoto waweke misumari miwili, wapime kila mwezi, waandike katika daftari, na wachore kielelezo cha mvua na ufa pamoja. Mtoto aliyeona kwa macho yake kwamba ufa hukua mvua zinyeshapo, na kusimama mtaro uchimbwapo, hatasadiki tena maneno ya kumsingizia jirani, na siku atakapojenga nyumba yake mwenyewe atajua pa kuanzia.

Basi kila mtu leo jioni na aizunguke nyumba yake mara moja, polepole, akitazama chini badala ya juu. Aone maji ya mvua iliyopita yalituama wapi. Hapo alipoona tope au ukungu ukutani, ndipo jembe lake litakapoanza kazi kesho.